Aliniuzia Padi Mbovu, Kisha Tangazo la Ndoa Yetu Likasomwa Kanisani

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mama wa watoto wawili, naishi hapa hapa Sumbawanga. Najua wapo watakaocheka wakisoma mkasa wangu... Mtu anaachaje mchumba kwa ajili ya padi za gemu? Chekeni tu. Kabla hayajanikuta, nikiwa na miaka ishirini na minne, hata mimi ningecheka.

Miaka ile milango ya nchi ilikuwa imefunguliwa na kila takataka ya dunia ilikuwa inaingia. Redio za kuimba wiki moja, pasi za kuunguza nguo, saa za kufa kabla ya Pasaka! Na sisi tulivipokea kwa vigelegele kwa sababu vilikuja ndani ya boksi lenye picha.

Nilikuwa na banda la gemu karibu na stendi. Televisheni moja, mashine moja na padi mbili, vile vidude vya kushika kwa mikono miwili, vyenye vitufe na vijiti vya kumwendesha mchezaji kwenye kioo. Vijana wa mitaa ya Jangwani na Katandala walijaa kucheza mpira pale hadi wengine wakasimama mlangoni.

Mchumba wangu aliitwa Deo. Alikuwa muuzaji katika duka la vifaa vya umeme pale sokoni, duka la kampuni moja kubwa ambayo sitaitaja, maana haistahili kutangazwa hata kwa ubaya. Deo alivaa tai. Katikati ya vumbi la Agosti, mtu na tai! Nami nilimwona ndiye mwanaume pekee mkoa mzima wa Rukwa.

Siku moja alikuja bandani anahema.

"Skola, mzigo umeingia! Mashine mpya na padi zake, orijino kabisa, waranti mwaka mzima. Chukua kabla watu wa Mpanda hawajamaliza."

Sikuwa na uwezo huo. Nikapanda kijijini kwa baba.

Baba yangu alikuwa na maksai wawili wa kulimia. Aliyezaliwa hapa kwetu Ufipa hahitaji kuelezwa maana yake: bila maksai hakuna shamba. Nilimpigia magoti, nikamweleza. Akaniuliza, "Huyo kijana anaijua hiyo mali?"

"Anaijua, baba. Ndiyo kazi yake."

"Na ndiye anayekuoa?"

"Ndiye, baba."

"Basi, mama, mkwe hawezi kukuuzia kitu kibovu." Wiki ile ile akawaswaga maksai wake mwenyewe hadi mnadani, akanipa fedha, nami nikanunua mzigo wa Deo.

Wasomaji wenzangu... siku ya kwanza tu niliyofungua yale maboksi, niliona maajabu! Kijana ameshika padi, hajagusa kijiti, lakini mchezaji wake anakimbia kushoto. Anakimbia mpaka anatoka nje ya uwanja! Golikipa analiacha goli wazi kama mtu aliyeitwa na haja. Kitufe cha kupiga shuti ukikibonyeza kinazama, hakirudi. Padi zote zilikuwa hivyo. Kampuni yenye meli na majumba ya ghorofa ilishindwa kutengeneza kijiti kinachosimama katikati! Fundi baiskeli wa mtaa wa Mazwi angeona aibu kumkabidhi mteja kitu kama kile.

Nilizirudisha dukani. Deo, mbele ya wateja, akacheka.

"Vijana wako wanashika padi kama wanashika jembe. Hizi ni mali za watu wastaarabu, dada."

Dada! Mimi mchumba wake! Baadaye akanibembeleza, eti bosi alikuwa anasikiliza, akanibadilishia mbili. Nazo zilikimbia kushoto vile vile.

Wateja walianza kwa kucheka, wakafuata na matusi, mwisho wakavunja. Jumapili moja ya mashindano, jamaa wa Katandala alikuwa anaongoza kwa goli moja. Dakika za mwisho beki wake akageuka mwenyewe na kuupeleka mpira golini kwao. Yule jamaa alisimama, akairusha padi kwenye televisheni kwa nguvu zake zote. Kioo kilipasuka! Watu wakaanza kutwangana kwa mabenchi yangu. Walipotoka sikubaki na banda, nilibaki na vipande...

Nikapanda basi hadi Mbeya, kwenye ofisi kubwa ya kampuni. Waliniweka kwenye benchi mpaka njaa ikaniuma, ndipo meneja akaniita. Aliigeuza waranti yangu kama mtu aliyeshika panya aliyekufa.

"Dada, Sumbawanga kuna vumbi. Waranti haihusiani na vumbi."

"Kaka, ziliharibika siku ya kwanza. Hata vumbi hazijaliona."

"Basi ni umeme wenu."

"Sasa ni vumbi au ni umeme?"

"Chagua mwenyewe, dada," akasema, akaendelea kunywa chai yake.

Nilitoka nalia. Kwenye korido mama mmoja mtunza stoo akanishika mkono.

"Pole, mdogo wangu. Umetoka Sumbawanga? Kwani Deo wenu hakukwambia? Mzigo wote ule ni mbovu. Yeye ndiye wa kwanza kupiga simu kutueleza. Wakubwa wakamwambia auze hivyo hivyo, na atakayemaliza mzigo mapema atapewa pikipiki."

Ile pikipiki nilikuwa naijua! Nilikuwa nimeipanda kwenda misa siku tangazo letu la ndoa liliposomwa mara ya kwanza. Nilikaa nyuma, nimemshika kiuno, nikiwapungia wenzangu mkono kama malkia. Kumbe nilikuwa nimekalia maksai wa baba!

Kati ya matangazo matatu ambayo kanisa husoma kabla ya ndoa, la pili lilikuwa limeshasomwa pia. La tatu lilibaki Jumapili, siku mbili mbele.

Niliposhuka stendi sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa paroko, nikamwomba atoe majina yetu. Aliniuliza kama nimefikiri vizuri. Nikamjibu, "Padre, nimefikiri njia nzima kutoka Mbeya."

Asubuhi matangazo yakasomwa, majina yetu hayakusikika. Watu wakageuza shingo. Baada ya misa Deo akanifuata nje, jasho linamtiririka.

"Skola, umeniaibisha! Kwa ajili ya padi?"

"Ulijua ni mbovu?"

Akatazama viatu vyake. "Kazi ni kazi. Ningekataa wangenifukuza. Tungeoana na nini?"

"Baba yangu ataanza kulima kwa mkono."

"Nitamnunulia maksai tukishaoana..."

Nilimtazama na tai yake ile. Hasira sikuiona, niliona kinyaa tu, kama mtu aliyekuta unyoya kwenye mboga. Nikamwambia, "Kamuuzie mwingine," nikaondoka kwa miguu.

Mvua zilipoanza nilirudi kijijini, tukashika majembe, mimi na baba. Mgongo wake haukunyooka vizuri tena tangu msimu ule. Shamba kubwa tuliliacha pori. Msimu uliofuata jirani yetu Masanja, Msukuma aliyehamia kwetu na ng'ombe zake, alileta jozi ya maksai wake bila kuombwa, akatulimia kabla ya kulima kwake. Huyo hakuwa na waranti wala tai!

Baba hakunilaumu hata siku moja. Nilipomwomba msamaha alisema, "Ng'ombe hufugwa wengine, mama. Mume mbovu ungemrudisha duka gani?"

Deo, nasikia, sasa ni meneja huko huko Mbeya. Anauza simu. Ile kampuni haijawahi kumwomba msamaha mtu yeyote, na haitaomba. Watu wa aina ile wanajua kusema neno moja tu: vumbi!

Dada zangu, kaka zangu, nawasihi. Kitu cha umeme kijaribiwe pale pale dukani, mbele ya macho yako, hata kama muuzaji anakuita mpenzi. Na ukigundua kwamba anayekupenda aliujua ubovu akanyamaza apate chake, usingoje tangazo la tatu.