Mti Nilioufuta Kwenye Picha

Nina miaka thelathini na moja, sijaoa, naishi peke yangu mtaa wa Amani. Msinionee huruma kabla hamjasikia nilichofanya...

Nilirudi Unguja kutoka chuo kikuu nikiwa mtu wa kubisha kila kitu. Niliwabishia walimu, nikabisha hotuba za wakubwa, nikabisha hata ndoto za mama. Aliyenisomesha ni dada yangu Zuwena, aliyeolewa Maskati. Aliuza bangili zake za dhahabu ili mimi nikae darasani.

Kazi niliipata Mji Mkongwe, kwa dalali mmoja wa nyumba. Madalali wengine walikuwa bado wanatembea na funguo mfukoni na maneno mengi mdomoni. Sisi tulikuwa na kamera ya dijitali, kompyuta na intaneti! Mteja aliye nchi za nje aliiona nyumba akiwa amekaa kwake.

Siku moja nilipiga picha ukumbi wa nyumba ya zamani. Ulikuwa mzuri ajabu, ila katikati ulisimama mti mnene wa nguzo, umetegemeza dari. Boriti za juu zilikuwa zimeoza. Tajiri wangu alipoiona picha alikunja uso.

"Mti huo unatuharibia. Uondoe."

Nikamuuliza, na dari je?

"Msomi, nimekuajiri upige picha au ukague boriti? Mpangaji akija si ana macho?"

Nikaufuta kwa kompyuta. Nilivuta rangi ya ukuta, nikavuta na ya sakafu, kidogo kidogo, mpaka pale pakawa peupe kabisa. Nikajisifu! Mimi mbishi wa kila kitu, hilo sikulibisha.

Wiki chache baadaye simu yangu ya mkononi ililia.

"Nshafika, mdogo wangu! Nshapewa na ufunguo. Njoo uone nyumba niliyopanga!"

Alikuwa Zuwena. Picha ilimfikia Maskati kwa barua pepe, na aliposikia kuwa aliyeipiga ni mimi, hakutaka hata kumtuma mtu akaitazame nyumba. Alitaka kunishtukiza.

Nilipoingia, nini naona? Ukumbi ule ule!

Zuwena alikuwa kashika kiuno mbele ya mti, na bintiye Ilham anauzunguka akicheka.

"Hebu niambie, nimepanga nyumba au skuli? Mbona mna mlingoti wa bendera humu?"

Wasomaji wenzangu, sentensi moja tu ingetosha... Lakini ningemwambiaje kuwa nimemdanganya, yeye aliyeniamini kuliko wote? Nikajibu kuwa mafundi wameusahau, nitakuja kuutazama.

"Aa, usijisumbue. Kwenye picha yako haumo, basi hauna kazi."

Nikacheka. Nilicheka naye!

Siku ya tatu, alasiri, mvua ya masika inanyesha tangu asubuhi, nilikuwa ofisini nasafisha picha ya nyumba nyingine. Simu ikalia, ni jirani yake. Zuwena alikuwa amewaita vijana wawili, wakautoa mti. Haikupita hata saa moja tangu waondoke, dari ikashuka. Ilham alikuwa chuoni, anasoma Kurani. Zuwena alikuwa ukumbini...

Matangani watu walimlaumu yeye. Mwanamke gani anang'oa mti chini ya dari? Kazoea majumba ya Maskati huyo! Nami nilikaa kimya kwenye mkeka, nikala wali wa hitima kama wengine. Kuna woga gani kuzidi huo?

Ilham alibaki na ile picha, mama yake aliichapa kwenye karatasi. Siku moja akaniwekea mapajani.

"Mjomba, mama alikuwa anakaa hapa."

Kidole chake kilikuwa pale pale nilipopafuta.

Siku hiyo hiyo nilimweleza yote shemeji, mume wa Zuwena, aliyekuja msibani. Hakunipiga. Alinisikiliza hadi mwisho, akamshika mwanawe mkono, akaondoka naye kurudi Maskati. Simu zangu hapokei.

Ndugu zangu mnaopanga nyumba kwa kutazama picha, nakuombeni: nendeni wenyewe, inueni macho juu, waulizeni majirani! Nanyi vijana wenye kamera nzuri kuliko ile yangu, mnajua mnachokifuta. Na kama mmeshakifuta, semeni leo, aibu isikufungeni mdomo kama ilivyonifunga mimi...

Kazi niliacha. Picha ya kwanza, ile yenye mti, ningali nayo. Huwa naitazama, natafuta mti ule uliiharibu wapi. Sijapaona.