Miguu ya Anonciata

"Dada! Wee dada mwenye gauni la manjano! Simama basi!"

Ilikuwa siku ya gulio Omurushaka na watu walikuwa wamejaa kuanzia kwenye maduka ya barabarani mpaka kule walikofungwa mbuzi. Wauza dagaa walikuwa wakiita wateja, muuza kaseti amefungulia redio yake mpaka mwisho, na kila gari lililopita lilimwaga vumbi jekundu juu ya nyanya na mitumba bila ubaguzi. Anonciata hakugeuka. Alikuwa na kikapu cha maharage kichwani, na magauni ya manjano yalikuwa mengi mwaka ule wa themanini na nane. Alidhani anaitwa mwingine.

Mara kijana mmoja akamkatia njia, anahema, shati lake la drafti limechomoka kwenye suruali, kofia ya kiua imelalia sikio. Mkononi ameshika kandambili moja ya bluu.

"Nimekukimbiza tangu kwa wauza nyanya," alisema. "Hii si yako?"

Anonciata akatazama chini. Mguu wa kulia ulikuwa na kandambili. Wa kushoto ulikuwa peku, umejaa tope la pale wanapomwaga maji ya samaki. Hakuwa na habari kabisa.

"Ni yangu," alisema. "Asante, kaka."

"Nimeona watu wakipoteza pesa gulioni, hata mume. Lakini kiatu kilicho mguuni! Ulikuwa unawaza nini?"

"Bei ya maharage."

"Basi maharage yana bahati." Kijana akainama, akaiweka ile kandambili mbele ya mguu wake kana kwamba anamvisha bibi harusi. "Naitwa Gharib. Nauza kwenye duka la baba mdogo, Mzee Abdulghani, lile lenye mlango wa kijani. Siku ukipoteza cha pili, uje."

Alicheka, naye Anonciata akacheka kwa sababu ilibidi. Moyoni hakusikia kitu. Ilikuwa miezi sasa hasikii kitu, wala moyoni wala chini ya vifundo vya miguu.

Ilianza masika, kama siafu wanaomtembea kwenye nyayo. Kisha siafu wakaondoka, wakaacha ubaridi. Kisha na ubaridi nao ukaondoka. Baba yake, Polikarpi, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Rwanda na kuja kulima Kituntu, alikuwa na kahawa nzuri na kibanja kikubwa cha migomba. Alikuwa pia na bomba la kunyunyizia dawa ya wadudu, la kubeba mgongoni, na majirani walimwita awanyunyizie yeye na kibarua wake, Mbonimpa, aliyetoka Burundi. Kazi ya kuchanganya dawa ilikuwa ya Anonciata. Alipima kwa kifuniko na kukoroga kwa mkono, maana kijiti kilirusha matone machoni. Alisimama peku kwenye majani yaliyolowa, na jioni alinawa kwa maji yaleyale waliyosuuzia bomba. Hakuna aliyemwambia afanye vingine.

Dawa hiyo ilitoka kwenye duka lenye mlango wa kijani.

Gulio lililofuata alikwenda dukani. Hakuwa amepoteza kiatu. Baba alikuwa amemtuma dawa ya fukusi, wale wadudu wanaotoboa migomba. Gharib akachota kutoka kwenye dumu kubwa, akamjazia chupa ya soda, akaziba kwa gunzi la mahindi.

"Mguu mzima leo," alisema, akimchungulia chini ya kaunta. "Yote miwili imevaa. Nimesikitika."

"Kwa nini?"

"Ningekukimbiza tena."

Ndivyo ilivyoanza. Babu yake Gharib alikuja huku kutoka Pangani na mzigo wa nguo, akaoa, akabaki. Lakini mjukuu bado alikuwa na ulimi wa watu wa pwani. Alimwita laazizi, alimwita asali ya Kituntu. Kila siku ya gulio walikutana kwenye hoteli ya shangazi yake, Bi. Mwaja, wakanywa chai ya tangawizi na vitumbua. Anonciata alivaa kitenge chake kimoja kizuri, cha zambarau chenye maua meupe, na nywele akazisuka mistari. Alipokuwa na Gharib alikuwa kama mtu aliye chumbani anayesikia ngoma za arusi ya nyumba ya tatu: alijua kuna furaha mahali fulani na kwamba ni yake, ila ilikuwa haijamfikia.

Siku moja walipokuwa wamekaa, Gharib aliweka kikombe chini, akawa anamtazama kwa macho ya kungoja.

"Nonsi, umenikasirikia?"

"Kwa nini nikukasirikie?"

"Tangu tukae nakukanyaga mguu chini ya meza. Nakubembeleza kabisa. Hata hujatikisika."

Anonciata akainua kitambaa cha meza. Mguu wa Gharib, uliovuliwa kiatu, ulikuwa umelala juu ya wake.

"Nilikuwa nimeuhisi," alisema uongo. "Naona haya mbele ya shangazi."

Gharib akatabasamu, lakini tabasamu halikufika mbali.

Mwezi uliofuata alikwenda Bukoba kuchukua mali. Walikubaliana kwamba kila Ijumaa saa nne asubuhi atapiga simu posta ya Kayanga, naye Anonciata awe pale anasubiri. Ijumaa ya kwanza aliwahi. Karani wa simu, Deodatha, alimpa mkono wa simu na kumwonya, "Piga kelele, dada, laini ni mbovu."

"Nonsi! Unanisikia?"

"Nakusikia!"

"Umenikumbuka?"

Watu kumi waliokuwa wanangoja stempu walimgeukia. "Ndiyo!" alipiga kelele Anonciata.

"Sema vizuri! Umemkumbuka nani?"

"Nimekukumbuka wewe, mpenzi wangu!" Posta nzima ikacheka, na Deodatha akapiga meza kwa furaha.

Ijumaa ya pili aliondoka nyumbani mapema zaidi, lakini miguu ilikataa. Haikuuma, ilipotea tu. Aliiona inakanyaga, asijue kama imefika chini. Akaanguka kwenye mteremko, akainuka, akaanguka tena. Alipoingia posta, goti likivuja damu, Deodatha alitikisa kichwa. "Amepiga mara tatu. Mara ya mwisho akasema basi, hapigi tena."

Gharib aliporudi hakuwa na utani. Alimkuta nyuma ya ghala la kahawa la chama cha ushirika, akianika na wanawake wenzake.

"Ulikuwa wapi Ijumaa?"

"Nilichelewa."

"Nakupigia hupo. Nakugusa huna habari. Nonsi, mimi si mtoto. Kama una mtu wako hapa Kituntu, niambie niende zangu."

Anonciata alimtazama. Angeweza kusema. Maneno yalikuwa machache: siisikii miguu yangu. Lakini akilini alimwona Bi. Mwaja, aliwaona ndugu wote wa Gharib wakiuliza kijana wao kaoa kiwete wa nini. Na tena alikuwa amechoka, ule uchovu ambao mtu hata kujitetea anaona ni kazi ya wengine.

"Yupo," alisema.

"Nani?"

"Leonidas."

Gharib akasimama kidogo, akaiweka sawa kofia yake ambayo ilikuwa sawa tayari, akaondoka. Anonciata akaendelea kugeuza kahawa kwa reki. Alisubiri kilio kije. Hakikuja.

Wiki ile ile Mbonimpa alikufa. Alikuwa amenyunyiza shamba la watu tangu asubuhi, upepo ukimrudishia; mchana akaanza kutokwa na mate na kutetemeka, na kabla hawajamfikisha zahanati alikuwa ameshakata roho. Walimzika karibu na kibanja cha Polikarpi, kwa kuwa kwao ilikuwa mbali. Nyuki wa jirani yao, Mzee Rwegoshora, walikuwa wamekwisha kufa kabla, na ndama wawili walikutwa wamekufa kando ya kijito. Sasa watu walitaka kusema. Mkutano ukaitwa kwenye ghala la chama, na wenye maduka ya pembejeo wakaambiwa nao wafike. Mzee Abdulghani akamtuma Gharib.

Watu walikaa juu ya magunia. Mzee Rwegoshora alianza. "Mizinga yangu imenyamaza yote. Asubuhi naamka, hakuna sauti. Mimi nataka kujua, dawa hii inachagua vipi mdudu wa kuua?"

Akasimama Kokuhirwa, mama wa makamo. "Mabomba yanasuuzwa kijitoni, sisi tunachota chini yake. Mwaka huu wanawake wangapi wameharibikiwa mimba? Hesabuni wenyewe, mimi naona aibu."

"Dawa imepimwa na wataalamu," alisema bwana shamba. "Haina kosa. Kosa ni matumizi. Nani hapa anavaa glovu?"

"Glovu tumezisikia leo, mdomoni mwako!" mtu alipaza sauti, na ghala likacheka bila furaha.

Polikarpi akainuka, kofia mkononi. "Mimi ndiye niliyemzika Mbonimpa, kwa hiyo nisikilizeni. Mwaka ambao sikunyunyiza nilivuna makapi, na migomba ikaanguka kama imelewa lubisi. Watoto wangu nikawalisha nini? Mkiipiga marufuku dawa, mje na chakula."

Hakuna aliyemcheka, kwa sababu alisema kweli. Wengi waliitikia kwa vichwa.

"Na wewe muuzaji," aliuliza Kokuhirwa, "hizo chupa za soda mnazotujazia, maelekezo yake yako wapi?"

Gharib alisimama. Alikuwa amekonda. "Yapo kwenye dumu, mama."

"Dumu liko wapi?"

"Dukani."

Minong'ono ikapita. Ndipo Anonciata alipojikuta amesimama. Hakuwa amepanga. Alishika nguzo ya ghala kwa mkono mmoja, kwa mwingine akapandisha gauni hadi kwenye vifundo, akavua kandambili na kuinua unyayo watu wauone. Ulikuwa na kidonda cheusi, kipana kama kifuniko cha kopo.

"Niliukanyaga mkaa," alisema kwa sauti tambarare, kama anayesimulia ya mtu mwingine. "Nilinusa kuungua kabla sijajua ni mimi ninayeungua. Siisikii miguu yangu tangu masika. Vidole vya mikono navyo vimeanza. Mimi ndiye ninayemchanganyia baba dawa."

"Anonciata, kaa chini!" Sauti ya Polikarpi ilikatika. "Kaa chini, mwanangu. Unajitangaza hivyo, nani atakuoa?"

"Sijui, baba. Lakini Mbonimpa naye amekufa hajaoa."

Akakaa. Mkutano uliendelea mpaka jua likalegea, wengine wakitaka dawa ikome, wengine wakitaka iletwe na glovu, na mwisho viongozi wakaahidi mtaalamu kutoka Bukoba. Mtaalamu huyo alikuja baada ya mavuno, akaandika, akaondoka.

Anonciata alitoka kabla ya wengine, fimbo mkononi. Gharib akamfuata njiani, bila kukimbia.

"Kwa hiyo siku ile gulioni," alisema.

"Ndiyo."

"Na chini ya meza."

"Ndiyo."

"Na posta?"

"Nilianguka mara mbili. Nilifika umeshakata."

Gharib akafuta uso kwa kofia. "Mimi nilikuwa nakujazia chupa, Nonsi. Nakujazia huku nakutania. Maelekezo niliyasoma siku nyingi. Yameandikwa pale, usiguse, na picha ya fuvu. Nikasema kila mtu anauza hivyo."

"Najua."

"Nitukane basi."

"Sina nguvu."

Walitembea hatua chache. Kisha Gharib akauliza, akitazama mbele, "Na Leonidas? Anajua kuhusu miguu?"

"Leonidas ni fahali wa baba."

Gharib akasimama katikati ya njia. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi, na kicheko kikageuka kikawa kilio, akafunika uso. Anonciata akakaa kando yake taratibu, akiiweka miguu yake kwa mikono, mmoja baada ya mwingine. Gharib akaweka kiganja juu ya unyayo wake usio na kidonda.

"Hapa?"

"Hapana."

Akapanda kwenye kifundo. "Hapa?"

"Bado."

Akafika chini kidogo ya goti. "Hapa?"

Anonciata akafumba macho. "Hapo nasikia."

"Basi nitaanzia hapo," alisema Gharib. "Nioe, laazizi. Namaanisha nikuoe. Nimechanganyikiwa."

"Wakisema umeoa kiwete?"

"Watakuwa wamesema."

"Gharib, sijui kama nina furaha. Pengine nayo imekufa ganzi."

"Sikukuuliza kama una furaha. Nimekuuliza kama unanitaka."

"Nakutaka," alisema Anonciata, na hilo alilijua bila kulitafuta.

Haikuwa rahisi. Upande wa Gharib walitaka Anonciata awe Mwislamu kwanza, upande wa Anonciata walitaka Gharib awe Mkristo. Mwishowe waliandikishwa bomani Kayanga, mashahidi wakiwa Deodatha wa posta na Bi. Mwaja, aliyelia na kugombeza kwa pamoja. Gharib alipokataa kuendelea kuuza dawa, Mzee Abdulghani alimtoa dukani. Wakapanga chumba kimoja Kayanga, wakafungua genge la nyuzi, vifungo na vitambaa. Daktari aliwaambia hisia huweza kurudi, na huweza zisirudi. Vidole vya mikono vilirudi. Miguu haikurudi.

Polikarpi hakufika bomani. Mwaka mzima ulipita hajafika hata gengeni, ingawa habari zilikuja kwamba anaendelea kunyunyiza kahawa.

Asubuhi moja ya kiangazi alitokea mlangoni, mkungu wa ndizi begani.

"Shikamoo, baba," alisema Gharib, akainuka kumpokea.

"Marahaba, mkwe." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Aliutua mkungu sakafuni. Ulikuwa mdogo, ndizi zake nyembamba, shina limetobolewatobolewa. "Hii ni migomba ya nyuma ya nyumba. Sikuitia dawa. Kahawa nimetia, siwezi kudanganya, kahawa ni kahawa. Lakini hizi mnaweza kula."

"Asante, baba," alisema Anonciata. Alishika meza, akaja taratibu kuziangalia.

Mzee alimtazama anavyotembea. "Bado?"

"Bado, baba."

Polikarpi alivuta kigoda cha jikoni, akakikalia magoti yakiwa juu, akanyoosha mkono apewe kisu. Mwanamume wa Kituntu, mwenye mvi, hajawahi kumenya ndizi maishani mwake. Gharib akampa. Mzee akaishika ndizi ya kwanza, akaigeuza upande huu na ule, kisha akamtazama binti yake.

"Inaanziwa wapi?" aliuliza.