Mama Yangu na Panya Wako

Soko la Busia lilikuwa limefurika. Herbert, shati lake jeupe limepigwa pasi kisawasawa, alirudi kinyumenyume kumpisha mtu wa boda, na mfuko wake uliojaa manjano ya kupikia ukapasukia juu ya vitenge vya Amuge.

"Ala! Hii vitenge sasa nani atanunua?" Amuge alifoka. "Unapika pilau ya kijiji kizima?"

"Pole, dada. Hii ni ya panya, kule Tororo."

Amuge alicheka mpaka kilemba kikamlegea. Kumbe Herbert alikuwa mtafiti anayejaribu dawa kwa panya! Wakapeana namba, na simu zikaanza.

"Daktari wa panya, umekula?"

"Bado, mpenzi. Panya ndio wamekula."

Amuge alijua amenasa, wala hakutaka kunasuliwa. Ila nyumbani mama yake alikuwa taabani. Kisukari kilikuwa kimemharibia mishipa ya fahamu, miguu ikamuwaka moto hata shuka asiivumilie. Herbert alipoeleza kwamba sukari hula mishipa hiyo kama kutu inavyokula bati, na kwamba ndani ya manjano kuna kitu kinachoweza kuzuia kutu hiyo, Amuge alimshika mkono.

"Basi mpe mama."

"Siwezi, Amuge. Tumejaribu kwa panya tu. Naweza kumuumiza."

"Panya yako inapona, mama analia! Kwani mama yangu yuko chini ya panya?"

Amuge akakata mguu kwake. Simu hakupokea, ingawa kila ilipolia moyo ulimpasuka.

Miezi ilipita. Utafiti uliporuhusiwa kwa watu, Herbert alikuja mwenyewe, amekonda. Alimweleza mama kwamba wengine watapewa dawa, wengine unga mtupu, na hata wanaogawa hawatajua nani kapewa nini.

"Siahidi kitu, mama."

"Asiyeahidi simwogopi, mwanangu. Niandike."

Jumapili moja, wiki kadhaa baadaye, Amuge alimkuta mama amevaa viatu vya kanisani, anajitazama miguu. Alilia kwa furaha, akapiga simu.

"Herbert! Mama amevaa viatu! Ni dawa yako?"

"Sijui, mpenzi. Huenda alipata unga tu."

Zamani angewaka. Leo alishusha pumzi. Mwanamume huyu angeweza kumpata kwa uongo mmoja mdogo, na hakuusema.

"Na mimi je? Unanipenda, ama hiyo pia hujui?"

"Hilo nalijua. Jumamosi naleta wazee wetu."

"Walete," Amuge akasema, akijifuta machozi. "Mama atawapokea mlangoni, amesimama."