Nyumba Isiyopekuliwa

Gobori la Rweyemamu liliibwa mchana kweupe, na Kaisho nzima ikachafuka.

Ulikuwa mwaka wa 1953, na watu walikuwa wanagombana kuhusu bunduki. Mkuu wa gombolola, mtawala wa eneo lile, alikuwa ameamuru kila bunduki ilazwe ghalani kwake. Rweyemamu, mfugaji mwenye ulimi mkali, akakataa katakata mbele ya baraza. Kibali chake kimetoka serikalini Bukoba, alisema, gombolola ni nani hata akipangue? Aliporudi nyumbani, gobori halipo.

Akamtaja Projestus, askari wa gombolola, aliyeonekana akipita njia ile. Maskini Projestus akatiwa mahabusu. Kosa lenyewe lilikuwa la kufungwa miaka, naye mkewe alikuwa mjamzito.

Inspekta Saleh akatumwa kutoka Bukoba. Tushukuru aliletwa yeye, maana mwingine angemfunga Projestus akaenda zake kunywa chai.

Alikagua chumba. Mlango haukuvunjwa. Pembe ya baruti ilining'inia ukutani, na mfuko wa risasi kando yake.

"Hivi ni vyako?"

"Vyangu."

"Mwizi wa bunduki akaacha baruti?"

Rweyemamu akaigeukia pembe ile.

Saleh akaelewa kwamba aliyelichukua gobori hakuwa na haja ya kulifyatua. Alitaka tu lisiwepo pale. Akauliza msako ulifanywaje. Majirani wakamweleza kuwa Rweyemamu mwenyewe aliwaongoza nyumba hadi nyumba, mpaka vihenge vya maharage vikamwagwa. Nyumba moja tu ilirukwa, ya Komujuni, mama mkwe wake, ng'ambo ya migomba. Hakuna aliyeshangaa. Mkwe hakanyagi chumba cha mama mkwe wake, wala hawatazamani usoni. Ndiyo heshima ya huku, na asiyeijua kalelewa wapi?

Inspekta hakuwa mkwe wa mtu pale. Akaenda. Rweyemamu alimfuata, lakini alipofika uani akabaki nyuma ya ukuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Gobori liko wapi?"

Mama yule hakubabaika. Alifunua nyasi zilizotandikwa chini ya kitanda, na gobori lilikuwa hapo.

"Mfungulieni Projestus," akasema. "Tangu nisikie amekamatwa sijapata usingizi. Leo ningekuja mwenyewe."

"Ulilichukuaje?"

"Mkwe wangu alikuwa barazani analipigania. Nikalifunga ndani ya mzigo wa nyasi, nikajitwika."

"Kwa nini?"

Komujuni alishusha sauti, ingawa ukuta wa udongo hauzuii neno.

"Sotoka imemaliza ng'ombe wake wote. Tangu hapo hali, halali. Binti yangu aliniambia mumewe anamuaga mtoto kila asubuhi kama mtu asiyerudi, na jioni gobori halimtoki mapajani. Nyinyi mnabishana bunduki ni ya Bukoba au ya gombolola. Mimi niliona mkwe wangu anakufa."

Nje, nyuma ya ukuta, mwanamume alikuwa analia bila kujizuia.

"Bwana Inspekta," Rweyemamu akasema hatimaye, "mama hajasema uongo. Bunduki niliyoipigania barazani ilikuwa ya kunimaliza mimi. Sina shtaka. Lipelekeni ghalani kwa gombolola, na Projestus nitamwendea mwenyewe nimpigie magoti."

Akaugeuzia ukuta mgongo, kama inavyompasa mkwe, akasema kwa nguvu ili asikike ndani.

"Mama, nakushukuru. Leo nisingekuwepo. Nakushukuru sana."

Inspekta Saleh aliwahi kusikia watu wengi wakikiri, wengine kwa viapo, wengine kwa machozi ya bandia. Siku ile yeye mwenyewe alimshukuru Mungu kwamba sheria zote mbili, ya Bukoba na ya gombolola, zilichelewa, na mwanamke mmoja akawahi.

Kwa heshima ile ile, Komujuni hakuweza kumjibu mkwe wake moja kwa moja. Alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akamgeukia Inspekta.

"Baba, nisaidie. Mwambie aende nyumbani akale."

Saleh akatoka nje, akamwambia.