Kikombe cha Mutanu

Jini halina ufunguo wa nyumba ya mtu, hungoja lifunguliwe. Na Kavata wa Mitaboni, mama wa kanisa, mwimbaji wa kwaya, alilifungulia kwa kikombe cha uji.

Tuseme ukweli, nani angemlaumu? Binti yake Mutanu, wa miaka saba, alizama mtoni, katika shimo walilochimba watu wa mchanga wakaondoka na malori yao. Siku ya mazishi pasta akamkabidhi mtoto kwa Mungu, Kavata akasema amina. Lakini Jumatatu saa sita mchana, saa ya Mutanu kutoka shule, alijikuta amemimina uji katika kikombe chake cha buluu na kukiweka nje ya mlango. Hivyo ndivyo nyanyake Kavata alivyokuwa akiwalisha wafu zamani, kabla ya kanisa. Alijua ni makosa, lakini akarudia kila siku. Hakumwambia mtu, hata mumewe, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani Athi River na kurudi mwisho wa mwezi.

Siku ya tisa kikombe kilikuwa kitupu, na ndani yake, chini kabisa, kulikuwa na mchanga mbichi wa mto. Mbwa angekiangusha. Kavata alikaa kizingitini, kikombe kifuani, akafurahi. Ndiyo, alifurahi! Ndivyo jini lilivyo, huanza kwa kukupa.

Kisha ikaja sauti, ikimwita mama kwa Kikamba. "Mwaitu, niko na njaa."

Ilikuwa ya Mutanu kabisa, hata kithembe chake. Kila adhuhuri, Kavata akisokota kamba za kiondo pajani, nyayo zenye maji zilipita uani, pa, pa, pa, na harufu ya maji yaliyooza ikaingia chini ya mlango. Naye akaweka uji. Wiki ya pili ya kuisikia, sauti ikaongeza: "Niko na baridi, mwaitu. Nataka Wesley akuje tucheze."

Wesley ndiye kitinda mimba, miaka mitatu. Siku hiyo aliamka kutoka usingizi wa mchana nywele zikidondoka maji, mchanga umejaa ngumini, akatapika matope sakafuni. Kavata alimtupa mgongoni akakimbia hadi kwa mama mkwe wake, Kamanthe, mwanamke wa maombi.

Kamanthe alimsikiliza huku akichambua mbaazi. "Ulimzika Mutanu?"

"Nilimzika, mwaitu."

"Ukamwachia nani?"

"Mungu."

"Na sasa unamwambia Mungu hajui kulisha watoto?"

Kavata akamshusha Wesley mgongoni, akampakata.

"Huyo anakunywa uji wako si Mutanu. Ni jini la lile shimo, na uji limeshachoka nao. Kesho usiweke kitu. Usifungue."

"Utakuja tukae pamoja?" Kavata alinong'ona.

"Nitaomba nikiwa hapa. Huo mlango uliufungua wewe, utaufunga wewe."

Kesho yake hakuweka kikombe. Alijifungia ndani, Wesley kifuani. Nyayo zikaja. Sauti ikabembeleza, ikalia, kucha zikakwaruza mbao. Halafu ikashuka, ikasema polepole: "Nilikuita mara tatu, mwaitu. Ulisikia. Ukamaliza kamba kwanza."

Ai! Hilo hakuna mtu aliyelijua. Siku ile ya kuzama alisikia kweli, akadhani ni michezo ya watoto, akamaliza kamba. Sasa maji meusi yalikuwa yakiingia chini ya mlango na kumlowesha miguu, na Wesley alikuwa ameanza kukoroma kama mtu anayezama, na mkono wa Kavata ulikuwa umeshafika kwenye komeo, kwa maana mama gani atasikia hayo akae, na je, kama ni yeye, kama yuko hapo nje kwenye baridi akingoja kuachwa mara ya pili na mama yuleyule?

"Mungu," alisema, "kama Mutanu yuko kwako, hawezi kuwa hapa mlangoni. Nilikupa huyo. Nilindie huyu."

Akautoa mkono kwenye komeo. Akapaza sauti: "Nilisikia na sikuenda. Mungu anajua. Lakini mwanangu hana njaa. Mwanangu hana baridi. Toka kwangu, kwa jina la Yesu!"

Kisha kitu kikacheka, kicheko cha kizee chenye maji kooni, kikajikokota kuelekea mtoni. Wesley akakohoa mara moja, akafungua macho.

"Mwaitu, njaa," akasema, na Kavata akamlisha huku akilia na kumshukuru Mungu.

Siku iliyofuata saa sita ilifika, ikapita. Hakuna nyayo, hakuna sauti. Wesley alikuwa akicheza uani, mkavu, mzima. Kavata hakuogopa tena. Alimimina uji katika kikombe cha buluu, akaketi mlangoni, akaunywa mwenyewe wote. Alipomaliza akachungulia ndani ya kikombe.

Hakukuwa na mchanga. Hapo ndipo alipojua moyoni kwamba Mutanu wake amekufa.