Viluwiluwi wa Pipa la Tatu

Kengele ya alfajiri haikuwa na huruma. Ilipolia, mabweni yote ya shule ile yaliamka kwa pamoja: vitanda vikatandikwa, mashuka yakanyooshwa pembe zote nne, ndoo zikagongana bombani. Katika pilikapilika hizo, msichana mmoja wa darasa la saba alikuwa na njia yake peke yake. Alichukua upawa mweupe na daftari lenye jalada gumu, akazunguka nyuma ya stoo ya maabara, palipokuwa na mapipa matatu ya maji.

Wenzake walimwita Darubini, kwa kuwa hakukuwa na kitu alichokiona asitake kukichungulia. Kazi yake ilikuwa kuhesabu viluwiluwi wa mbu. Pipa la kwanza lilikuwa wazi. La pili lilifunikwa kwa kitambaa. La tatu lilikuwa wazi pia, lakini lilitiwa majani machungu yaliyopondwa, ili ijulikane kama yanaweza kuwazuia mbu wasizaliane. Kila asubuhi aliteka upawa mmoja kutoka kila pipa, akahesabu, akaandika. Mwishoni mwa mstari, kwa amri ya mwalimu wa sayansi, aliongeza maneno mawili kwa wino: *Nimeona mwenyewe*. Kisha akatia sahihi. Hakuna mwalimu aliyemfuata kumkagua. Katika shule ile, mwanafunzi aliyeandika maneno hayo aliaminiwa, na jambo hilo lilikuwa fahari kubwa kuliko vikombe vyote vya michezo vilivyopangwa ofisini.

Kila Ijumaa, rafiki yake aliyeitwa Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kumzimia, aliingiza hesabu hizo kwenye mtandao wa wanasayansi. Humo watafiti na shule nyingi husoma kazi za wenzao, wakiulizana na kukosoana.

Kwa wiki tatu Darubini alihesabu kwa uaminifu. Wiki ya nne baridi ikaingia. Jumatatu alijifunika blanketi, akajiambia kwamba siku moja haiharibu mwezi. Wenzake walipokuwa wakioga, aliandika akiwa kitandani: pipa la tatu, viluwiluwi ishirini na wawili. *Nimeona mwenyewe*. Jumanne akaandika kumi na wanne. Jumatano wanane. Alhamisi watatu. Ijumaa, kwa kuwa hesabu iliyopangika hupendeza ikiishia vizuri, akaandika sifuri.

Uongo wa uvivu hauna kelele. Huja umejifunika blanketi.

Jumatatu iliyofuata Redio alimjia mbio uwanjani. "Darubini wee! Mama Mbu ameandika! Amekutaja!"

Mama Mbu ndivyo walivyomwita mtafiti mmoja mwenye mvi aliyeuongoza mtandao ule. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Pipa la tatu linatia moyo sana. Alhamisi saa nne asubuhi tutakuwa na mkutano wa mtandaoni wa shule zote. Ningependa mwanafunzi aliyehesabu atueleze aliyoyaona."

Aliyoyaona!

"Mbona umenywea kama umeitwa kuchapwa?" Redio akamcheka. "Watu arobaini watakutazama, na wengine ni maprofesa. Mimi ningekwisha kunyoa nyusi!"

"Nimefurahi," Darubini alijibu, bila kumtazama.

Tangu saa hiyo hofu haikumwacha. Bwaloni alikoroga chakula chake bila kukila. Mwalimu wa sayansi, ambaye wanafunzi walimwita Mizani kwa kuwa hakumwegemea yeyote, alipompita na kumwambia, "Umetuheshimisha, binti yangu," Darubini aliinamia sahani. Mara mbili alifika mlangoni pa ofisi ya mwalimu huyo. Mara mbili mkono ulikataa kubisha.

Jumatano jioni Redio alimwonyesha maoni yaliyoandikwa chini ya hesabu zake. Shule moja ya msingi, ambayo hakuwahi kuisikia, iliandika hivi: "Tunawashukuru sana. Mwaka jana homa ya dengue iliwalaza watoto wetu kumi na wanane, na mmoja hakurudi darasani. Leo tumeyafunua matangi yetu yote na kutia majani kama ninyi. Kwa mbao za vifuniko tumetengeneza madawati."

"Umeona?" Redio alisema. "Umewapa hadi madawati!"

Darubini hakucheka. Alimwona mtoto asiyemjua akiwa ameketi juu ya kifuniko cha tangi, naye mbu akiinuka nyuma yake kutoka majini.

Asubuhi ya Alhamisi alikwenda kwenye mapipa, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Aliomba kimoyomoyo akute maji matupu. Akachota upawa kutoka pipa la tatu, akauinamia. Viluwiluwi walikuwa wakijipindapinda, weusi, wazima, wengi. Alihesabu arobaini na watatu. Upawa ukamponyoka.

Saa nne, aliketi mbele ya kompyuta ya maabara. Uso wake ulionekana kwenye kioo miongoni mwa nyuso nyingine, kila moja katika kijidirisha chake. Redio alikuwa kando yake. Mwalimu Mizani alikuwa ametoka kuwafukuza wanafunzi waliosongamana dirishani.

"Karibu, binti," Mama Mbu alisema. "Tueleze ulichokiona."

Darubini alifumba macho. "Sikuona chochote," alisema haraka, asije akajizuia. "Wiki ya mwisho niliandika namba za kichwani. Nilikuwa kitandani. Nisameheni."

Alifumbua macho. Nyuso zote zilikuwa zikitabasamu vilevile. Profesa mmoja alikuwa akinywa chai.

"Binti, hatukusikii," Mama Mbu alisema. "Kipaza sauti chako kimezimwa. Kibofye, uanze upya."

Redio alikuwa amekodoa macho. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, alinong'ona. "Hawajasikia hata neno moja! Nyamaza hivyo hivyo. Soma karatasi yako, yaishe."

"Na wewe, Redio? Utanyamaza?"

"Nitanyamaza mpaka kaburini. Haki ya nani!"

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi mbele yake. Karatasi yenye namba nzuri ilikuwa mezani. Kusema kweli mara moja ni kama kuruka mtoni ukiwa umefumba macho. Kuisema mara ya pili, ukiwa umekwisha kujua ubaridi wa maji, ndiko kugumu. Darubini aliutazama mstari wa chini wa kioo. Kijidirisha kimoja kilionyesha watoto wadogo wamesimama uani, wakipunga mikono. Nyuma yao palikuwa na tangi lisilo na kifuniko.

Akabofya. Wakati huohuo Mwalimu Mizani akaingia na kusimama nyuma yake. Darubini alimwona kiooni, lakini hakunyamaza.

"Nilidanganya," alisema. "Namba za wiki ya mwisho nilizitunga. Leo asubuhi pipa la tatu lina viluwiluwi arobaini na watatu. Tafadhalini, yafunikeni matangi. Yafunikeni leo."

Profesa aliweka kikombe chini. Kisha mwalimu wa watoto wale akageuka, na sauti yake ikasikika akiagiza: "Leteni mbao! Pindueni madawati, haraka!"

Mama Mbu alivua miwani. "Namba za wiki hiyo nazifuta sasa hivi, na wote mtaona kwamba zimefutwa. Kosa lako ni kubwa, binti. Na mimi ninalo langu: nilisifu kabla ya kuuliza. Tutaendelea na shule nyingine."

Walipobaki watatu, Darubini alisubiri ghadhabu. Mwalimu Mizani alivuta kiti, akaketi, akalifungua daftari. Mbele ya mistari mitano aliandika kwa wino mwekundu: *Hakuona*. Redio alitazama pembeni.

"Kesho utaanza upya siku ya kwanza," mwalimu alisema. "Wiki nne. Redio atahesabu pamoja nawe, kwa kuwa nilimsikia mlangoni akiwa tayari kunyamaza."

"Mwalimu, niliogopa sana," Darubini alisema huku akilia.

"Ulimwogopa nani?"

"Wewe. Na maprofesa."

"Basi uliwaogopa wasiohitaji kuogopwa. Sisi tungekukaripia, na makaripio hupita. Namba ni ushahidi, mwanangu. Anayeandika asichokiona anawashuhudia uongo watu asiowajua, nao hulala usingizi wakimwamini. Waogope hao. Ukiwaogopa hao, baridi ya alfajiri haitakushinda."

Alimrudishia daftari, akamwonyesha ukurasa mweupe.