Betri Iliyoamka na Joto

Marehemu alikuwa bado ameshika kipima upepo cha matairi.

Alilala kifudifudi kando ya barabara ya mlimani, hatua nne kutoka kwenye teksi yake ya umeme. Umande ulikuwa umeganda juu ya majani. Inspekta alichuchumaa, magoti yakalia kama mlango mbovu.

"Amegongwa kwa nyuma," alisema koplo. "Daktari anakadiria saa kumi na mbili asubuhi. Alama ya breki hakuna hata moja, afande."

"Basi aliyemgonga hakutaka kusimama."

Kwenye koti la marehemu palibaki mkwaruzo wa rangi nyeupe, rangi ile ile ya teksi yake na ya wenzake wote wa kampuni. Magari kumi na mawili, rangi moja.

Simu ikalia. Mkuu wa kituo.

"Ni ajali hiyo. Andika ajali, nina kikao."

"Ndiyo, afande," alijibu Inspekta, kwa sauti aliyoizoea kwa miaka ishirini na sita. Kisha akaandika alichokiona. Wakubwa wana vikao. Maiti hana kikao. Tangu mkewe afariki kwenye meza ya upasuaji, umeme ukiwa umekatika na jenereta haina mafuta, neno "ajali" kinywani mwa mkubwa hakuliamini tena. Hata siku ile waliita ajali.

Inspekta alimkuta mjane sebuleni kwake, kati ya dada zake. Aliongea macho makavu.

"Kila asubuhi alisimama pale pale kabla ya mteremko, akapima upepo. Alisema matairi hunywea kwa baridi, na tairi legelege linakula betri. Watu wote walijua. Walimwita Unyoya, kwa jinsi mguu wake ulivyokuwa mwepesi."

"Nani hakumpenda, mama?"

"Walimpenda wote. Mpaka ulipokuja ule ubao."

Ubao ulikuwa ukutani, ofisini kwa meneja. Majina kumi na mawili, na mbele ya kila jina uniti za umeme zilizotumika kwa kilomita mia. Juu kabisa, Unyoya: kumi na tatu. Chini kabisa, kwa wino mwekundu, Kocha: ishirini na moja.

"Ni motisha," alisema meneja, kiti kikizunguka naye. "Ushindani unaleta ufanisi."

"Kocha ni nani?"

"Dereva mkongwe. Nusu ya hawa aliwafundisha yeye kuendesha, Unyoya akiwemo. Lakini magari haya ya umeme yamemshinda mzee wa watu." Akacheka.

Inspekta hakucheka.

Kocha alikuwa uani, anafuta kioo ambacho tayari kilikuwa safi. Taa ya mbele upande wa kushoto ilikuwa imepasuka.

"Pole kwa msiba," alisema Inspekta.

"Tumeshapoa, afande. Kijana wangu yule."

"Gari lako lilikuwa wapi saa kumi na mbili?"

"Limelala nje, uani kwangu, nami ndani. Nilitoka saa moja kasorobo, moja kwa moja kuchaji. Dakika nne tu kutoka kwangu. Muulize dada wa kituo."

"Na taa?"

"Nguzo ya geti. Uzee huo."

"Mkeo alikuona?"

Kitambaa kilisimama. "Yuko kwa mama yake. Wiki ya pili."

Rangi ilipelekwa maabara. Maabara wakasema mashine ni mbovu, warudi baada ya wiki sita. Inspekta alitukana kimoyomoyo, akapanda gari kwenda kituo cha chaji.

Dada wa kituo alivaa makoti mawili, kikombe cha chai mkononi. Alimfungulia kumbukumbu za asubuhi ile.

"Alikuja, kweli. Saa moja kasoro dakika kumi na moja."

"Basi hajadanganya."

"Saa hajadanganya. Lakini njoo uone." Akaweka kidole kwenye skrini. "Hawa watatu magari yao yalilala nje. Betri ikilala kwenye baridi ni kama mgonjwa, hata umpe chakula kizuri vipi, anameza kidogo kidogo. Umeme ulianza kuingia kilowati thelathini. Wamekaa hapa karibu saa nzima, wananilaumu mimi."

"Na Kocha?"

"Mia moja na kumi, tangu dakika ya kwanza! Betri ina nyuzi joto thelathini na mbili. Wenzake walimkodolea macho kwa kijicho."

"Hawezi kuipasha joto kabla ya kuja?"

"Anaweza. Ukiliambia gari unakuja kuchaji, linaipasha lenyewe njiani. Lakini kwa dakika nne, afande? Hata hii chai haichemki."

"Basi joto limetoka wapi?"

Dada akapiga soli ya kiatu chake sakafuni. "Mguu. Mlima na mwendo mkali. Gari hilo lilitoka mbali, tena mbio."

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja na viti viwili. Inspekta aliweka karatasi ya kituo cha chaji mbele ya Kocha.

Kocha aliisoma mara mbili.

"Betri," alisema mwishowe. "Betri ndiyo imenisema."

"Ulimfuata?"

"Nilimsubiri. Nilijua atasimama wapi." Alikunja mikono yake mipana. "Mimi ndiye niliyemshikisha usukani, afande. Alikuwa hajui klachi ni nini. Leo jina lake juu, langu chini kwa wino mwekundu, na abiria wanasoma dirishani. Mke wangu ananiambia mezani, 'Si umwombe Unyoya akufundishe?' Nikameza. Nikaenda."

"Akakukatalia?"

"Angekataa ningemsamehe! Alinifundisha, kwa upole. 'Achia mguu mapema, Kocha. Asubuhi ya baridi usiikimbize betri, Kocha.' Juzi nikaendesha kutwa nzima kama nimebeba mayai. Unajua nilipata ngapi? Ishirini. Akanipongeza mbele ya wote. Wakapiga makofi. Yale makofi, afande."

"Mjane wake anasema Unyoya alimwomba meneja aushushe ubao. Mara mbili. Kwa ajili yako."

Kocha alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi. Hakuwa akilijua hilo.

"Ungerudi kwa mwendo aliokufundisha," alisema Inspekta taratibu, "betri ingefika imepoa kama za wenzako. Mimi ningekuwa bado nahesabu magari meupe."

Kocha aliinama chini ya meza, akautazama mguu wake wa kulia. Akaanza kulia.

Jioni Inspekta alirudi ofisini kwa meneja. Jina la Unyoya lilikuwa limeshafutwa. Kila dereva alikuwa amepandishwa nafasi moja. Kocha naye alipandishwa, akabaki wa mwisho.

Inspekta aliushika ubao kwa mikono miwili, akaung'oa.

"Hebu acha! Hiyo ni mali ya kampuni!"

"Ni kielelezo namba tatu," alisema Inspekta. "Na wewe ni shahidi namba moja. Kesho saa mbili. Usiniambie una kikao."